Ada Iliyotoka kwenye Pipa la Mbege

Ada yangu ya sekondari ililipwa kwa mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, na sadaka ya ahadi ya familia yetu pia. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika, na haikupita miaka mingi kihamba, yaani shamba la ukoo, ambacho babu alisomeshea watoto wake kikawa hakitoshi hata kununua dawa ya kunyunyizia mibuni. Ndizi zilikuwepo. Mama, kama wanawake wengi wa Marangu, Mamba na Kilema huku Kilimanjaro, akageukia pipa.

Mbege haitengenezwi kwa haraka. Ndizi zilivundikwa darini juu ya moshi wa jiko mpaka maganda yakaota madoa meusi, zikamenywa, zikachemshwa saa nyingi hadi zikawa na rangi ya udongo mwekundu. Kisha ziliachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi ulioteshwa, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji na kupozwa, halafu maji ya ndizi yaliyochujwa yakachanganywa na uji huo jioni. Asubuhi pakawa na povu. Uchungu ulitoka kwenye magome ya msesewe, na hapo ndipo mpishi alipojulikana: akizidisha, wateja wanakunja uso, akipunguza, wanasema amewapa kinywaji cha watoto. Kazi yangu ilikuwa kuchuja na kuosha kata, na mpaka leo naweza kukwambia kwa harufu peke yake kama pipa liko tayari.

Mama alikuwa Mlutheri kwelikweli. Aliimba kwaya ya akina mama, alishika zamu ya kufagia kanisa, na bahasha yake ya ahadi haikuchelewa mwaka wowote. Fedha za bahasha zilitoka kwenye mkebe uleule wa mauzo, na mtunza hazina wa usharika aliyezikatia stakabadhi alilijua hilo, maana kijijini hakuna asiyejua nani anapika. Kisha inafika Jumapili, somo linaangukia Mithali sura ya 23, na mhubiri anawataja wapika pombe kuwa wanaolisha watoto wao kwa damu ya watoto wa wenzao. Mama alisikiliza kichwa kikiwa wima. Mimi nilikaa kando yake nikiwa na daftari na sketi zilizonunuliwa kwa fedha hiyo, na niliumia. Bado naumia nikikumbuka, kwa sababu mimbari ilimhukumu peke yake kwa kazi ambayo kanisa zima lilikula matunda yake.

Kibanda chake kilikuwa karibu na korongo linalotenganisha Walutheri na Wakatoliki. Huku ukisalimiwa "Bwana Yesu asifiwe", kule "Tumsifu Yesu Kristo", na salamu zote mbili zilisikika pale kwenye benchi. Wakatoliki walikunywa bila wasiwasi. Padri akipita njiani walimwamkia, kata mkononi. Walutheri wakisikia pikipiki ya mwinjilisti walihamia nyuma ya migomba. Ni mlima mmoja, ndizi zilezile, Kristo yuleyule, halafu jambo moja ni dhambi upande huu wa korongo na upande wa pili ni mapumziko ya jioni. Nilikua nikilitazama hilo kila siku, na ndilo lililonifanya nianze kusoma mwenyewe badala ya kungoja kuambiwa.

Ukifuatilia mwanzo wa tofauti hiyo, unakuta kwamba pombe yenyewe haikuwa kiini cha ugomvi. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakaingia Kilimanjaro mwaka 1893. Wote walitoka Ulaya, kwenye nchi za divai na bia. Kilichowasumbua ni kwamba mbege haikuwa kinywaji tu. Ilimwagwa chini kwa ajili ya mababu, ilibebwa kwenda kuposa, ilinywewa kwenye maziko na kwenye kupatanisha ndugu pamoja na jani la sale, alama ya msamaha. Kuigusa mbege ilikuwa kugusa ukoo mzima na wafu wake. Bruno Gutmann, mmisionari aliyeishi Masama na Old Moshi na kuandika juu ya Wachaga zaidi ya karibu wageni wengine wote, aliona kwamba vifungo vya ukoo na ujirani ni zawadi ya Mungu, na kwamba ukivikata ovyo unabaki na Mkristo asiye na watu.

Ukali wa kutogusa kabisa ulipata nguvu kubwa na Uamsho, ule uliochipuka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ukaingia Tanganyika kupitia Kagera na kusambaa. Waliookoka waliungama hadharani, wakaimba wimbo wa Tukutendereza, wakavunja vyungu vya rubisi, pombe ya ndizi ya kule Bukoba, na vya mbege huku kwetu. Josiah Kibira, askofu wa Bukoba aliyekuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, alikuwa mtoto wa Uamsho huo. Siwezi kuwasema vibaya watu hawa. Nimekulia karibu na nyumba ambayo baba aliokoka, na mabadiliko yaliingia jikoni kabla hayajafika kanisani: nyama ikapikwa Jumamosi, mke akaacha kufunga kilemba kuficha uvimbe wa usoni. Mwanamke yule hakuhitaji mtu amfafanulie Kigiriki cha Agano Jipya. Kwake, pombe ilikuwa ngumi, na Yesu alikuja akaiondoa ngumi.

Kwa hiyo nilipoanza kusoma sikuwa natafuta ruhusa. Nilitaka kujua kilichoandikwa. Na kilichoandikwa hakipangiki upande mmoja, hata ukikisukuma kwa nguvu. Nuhu analewa na kujiaibisha baada ya gharika. Lutu ananyweshwa na binti zake. Mithali inachora mlevi aliyepigwa asijue, anayeamka na kutafuta tena. Wanadhiri wanajitenga na divai kwa nadhiri, Warekabi wanaikataa kwa amri ya babu yao na Yeremia anawasifu kwa uaminifu wao, Yohana Mbatizaji haigusi tangu tumboni. Lakini Zaburi ya 104 inaihesabu divai pamoja na mafuta na mkate kati ya vitu ambavyo Mungu humpa mwanadamu. Kumbukumbu la Torati sura ya 14 inamruhusu Mwisraeli aliye mbali na hekalu auze zaka yake, na afikapo anunue chochote roho yake inachotaka, kileo kikiwemo, ale na kunywa na jamaa yake mbele za Bwana. Aya hiyo sijawahi kuisikia ikihubiriwa juma la mavuno.

Halafu Kana. Mabalasi sita ya mawe, ambayo kwa hesabu ya wataalamu yalichukua si chini ya lita mia nne, na harusi yenyewe ilikuwa imekwisha kukolea. Nimesikia ikielezwa mara nyingi kwamba ile ilikuwa maji ya zabibu matamu tu. Sikubaliani. Mkuu wa meza anashangaa kwa nini divai njema imetolewa watu wakiwa wamekwisha kunywa vya kutosha, na mshangao huo hauna maana kama ni sharubati. Wakorintho nao walilewa kwenye meza ya Bwana yenyewe. Paulo aliwakemea kwa kulewa na kwa kuwaacha maskini na njaa, wala hakuwaambia wabadilishe kilichomo kikombeni. Maji ya zabibu yasiyochacha, yanayoweza kuwekwa mwaka mzima kwa ajili ya ibada, yaliwezekana pale Thomas Welch, daktari wa meno Mmethodisti wa Marekani, alipotumia njia ya Pasteur ya kupasha moto mwaka 1869. Kabla ya hapo zabibu zikikamuliwa, zinachacha zenyewe.

Na Yesu mwenyewe aliitwa mlafi na mlevi. Wasingemwita hivyo kama angekuwa anakunywa maji tu. Maana walikuwa na Yohana asiyekunywa, na huyo wakamwita mwenye pepo.

Lakini wanaoishika Kana kama kinga, nao nina neno nao. Katika Palestina ya karne ya kwanza hapakuwa na kinywaji cha kukenekwa. Divai ilichacha kwa nguvu zake na mara nyingi ikachanganywa na maji mezani. Hapakuwa na gongo, hapakuwa na konyagi, hapakuwa na kiroba cha plastiki kinachoingia mfuko wa shati. Huwezi kuchukua harusi ya Galilaya ukaisimamisha iwe shahidi wa kitu ambacho wale waalikwa hawakuwahi kukiona. Hata Timotheo na tumbo lake, ambaye wanywaji wanampenda kuliko mitume wote, alipewa ushauri wa mtu anayemwonea huruma rafiki yake mgonjwa katika dunia isiyo na duka la dawa. Leo Shirika la Afya Duniani limesema wazi, mwanzoni mwa 2023, kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na tangu 1988 pombe imewekwa kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Mkristo anayekunywa leo anywe akilijua hilo.

Mama hakuyasoma haya yote. Alikuwa na taratibu zake. Siku chama cha msingi kilipolipa malipo ya kahawa, hakumuuzia mwanamume yeyote aliyetoka moja kwa moja dirishani na fedha mkononi. Alimzuia mlangoni kwa upole, akiwa amefunga kanga kiunoni: "Pitia nyumbani kwanza, baba fulani. Mkabidhi mama watoto chake, ndipo urudi. Kata yako itakuwepo." Wengine walikasirika wakaenda kwa mpishi mwingine, na sisi tukala hasara. Hakukopesha pombe hata siku moja, kwa sababu, alisema, deni la pombe analilipa mtoto. Aliyeanza kurudia maneno aliletewa ndizi ya kuchoma badala ya kata, na hakudaiwa. Jua likizama, benchi lilikunjwa, hata kama pipa lilikuwa nusu na kesho mbege ingekuwa chachu isiyouzika.

Nilipokuja kusoma Warumi 14 na sura ya 8 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho, nilikuta nimekwisha kufundishwa. Paulo anazungumzia nyama zilizotolewa kwa sanamu, na anakubali kabisa kwamba mwenye imani yuko huru kula. Kisha anageuza macho ya msomaji kutoka kwenye sahani kwenda kwa jirani: kama ulaji wangu unamwangusha ndugu ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake, naacha nyama, na divai pia anaitaja kwa jina. Hamwambii dhaifu ajikaze. Anamwambia mwenye nguvu asogee. Ndiyo maana swali la kama ni dhambi au si dhambi, jinsi linavyoulizwa kwenye semina za vijana, linanichosha. Linamwacha mtu akijitazama mwenyewe, mdomo wake na usafi wake. Mama pale mlangoni alikuwa akimtazama mwanamke aliyekuwa anasubiri nyumbani, ambaye hata hakuwepo pale.

Baba mdogo ndiye aliyenionyesha ni kiasi gani kanisa letu bado halijajua kutazama hivyo. Alikuwa dereva wa malori, Moshi kwenda Dar es Salaam na kurudi, mcheshi, mpenda watoto. Mbege hakuijali; alisema inajaza tumbo. Aliharibiwa na viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyouzwa kila stendi, kwenye meza moja na karanga na vocha za simu, kwa fedha isiyofika bei ya mkate. Alianza na kimoja cha kuondoa usingizi. Akafukuzwa kazi. Akaanza kuuza vitu vya ndani.

Usharika ulimtenga. Jina lake lilisomwa mbele ya kanisa na hakuruhusiwa meza ya Bwana mpaka atubu na kurudi kundini. Nidhamu ya kanisa naielewa na siikatai. Jamii isiyosema lolote juu ya mlevi imemwacha afe. Lakini baada ya kusoma jina, hakuna aliyekwenda kwake. Hakuna mzee wa kanisa, wala jirani wa jumuiya. Serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017, tulishangilia nyumbani, na kwa kweli vijana wengi waliponea hapo. Yeye alihamia gongo.

Kisha ukaja mkutano wa injili. Alikwenda mbele, akalia, akaombewa, akatangazwa kuwa huru, na akaacha siku hiyohiyo. Nilikuwa likizo nyumbani. Usiku wa pili mikono ilitetemeka hadi kikombe cha chai kikawa hakishikiki, jasho likamtoka kama mtu wa malaria. Akaanza kuona siafu wakipanda ukutani, akituomba tuwafagie. Kabla ya alfajiri alishikwa na degedege. Tulimpakia kwenye gari la jirani, mama akiwa amemkumbatia kichwa kiti cha nyuma, na daktari wa zamu akatuambia kwamba mwili uliozoea pombe kali kwa miaka unaweza kumuua mwenyewe ukikatiwa ghafla. Alipewa dawa za kumtuliza, vitamini B1 kwa dripu, na akalazwa. Waliomwombea walimpenda, na yeye mwenyewe husema aliokoka siku ile na hakuna atakayemwondolea ushuhuda huo. Lakini pale jukwaani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kwamba mlevi wa miaka mingi anapaswa kuachishwa akiwa chini ya uangalizi wa hospitali. Hilo linafundishika kwa mchana mmoja, na kila mwinjilisti anayewaita walevi waje mbele anapaswa kufundishwa.

Alirudishwa kundini. Ilipofika ushirika mtakatifu, watu wakainuka safu kwa safu, naye akabaki kwenye benchi. Mwezi uliofuata, hivyohivyo. Minong'ono ikaanza kwamba bado anakunywa kwa siri na dhamiri inamsuta. Mama ndiye aliyemuuliza, jikoni, bila kumtazama, akimenya ndizi.

"Shemeji," alijibu, "ile harufu ya divai. Nikionja tu, sijui nitaishia wapi."

Nilikuwa mlangoni na niliona aibu iliyokuwa usoni mwake: aibu ya mtu anayeogopa kikombe cha Bwana wake. Mama alikwenda kwa mchungaji siku ileile, na namshukuru Mungu kwa mchungaji yule, kwa sababu hakuhubiri. Alisema Kristo yuko mzima katika mkate, na Jumapili ya ushirika alimpa mkate, akamwekea mkono kichwani, akapita na kikombe bila kusimama. Hakuna aliyejua isipokuwa waliopaswa kujua. Baadaye nilisoma kwamba hata Kanisa Katoliki, ambalo halikubali altareni kingine isipokuwa divai halisi ya mzabibu, humruhusu padri aliye mgonjwa wa pombe, kwa idhini ya mkuu wake, kutumia mustum, yaani maji ya zabibu ambayo uchachukaji wake umezuiwa. Kama altare yenyewe inaweza kusogea kwa ajili ya mmoja, sijui ni meza gani ya harusi isiyoweza.

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema Mkristo anaweza kunywa. Biblia haimfungi, na anayemfunga anaongeza neno lake. Ulevi imeukataza wazi, na wanaofanya kazi ya uangalizi kanisani imewabana zaidi. Harusi za kwetu nikipewa kata ya mbege, naipokea kwa mikono miwili na kunywa. Baba mdogo akiwa kwenye meza ile naagiza soda, na wanangu wanajua sababu. Asiyekunywa kabisa namheshimu, na ninamwomba jambo moja: asimfanye anayekunywa kuwa mpagani, maana hapo ameshaacha kumtazama dhaifu na ameanza kujitazama mwenyewe.

Kwenye mkutano mkuu wa usharika uliopita lililetwa azimio kwamba ndoa isifungwe kanisani kama sherehe yake itakuwa na pombe. Nilisimama nikasema kwamba sitalipinga, ila naliona dogo. Nikapendekeza kwamba jina lolote la mlevi likisomwa mbele ya kanisa, palepale lisomwe pia jina la atakayekwenda kumwona kesho yake, na kwamba diakonia itenge nauli ya kumfikisha hospitali akikubali kuacha. Mzee mmoja aliuliza kama tunataka kuwabembeleza walevi. Nilimjibu ndiyo.

Azimio la harusi lilipita. Pendekezo langu lilipelekwa kwenye kamati ya diakonia, na limerudi na fungu dogo la nauli na majina ya watu watano walio tayari kutembelea. Baba mdogo ni mmojawao. Ameomba apangiwe stendi, kwa madereva, kwa sababu anajua saa wanazoanza kunywa.